Gari la Mayatima wa Obunga

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya sala ya Isha, tulipigiwa simu kutoka Kisumu. Aliyekuwa upande wa pili ni mama wa Kiislamu, mkazi wa mtaa wa Obunga, ambaye mumewe alikuwa amefariki na yeye mwenyewe angali ndani ya eda. Baada ya salamu na kupeana pole, aliuliza suala moja tu: "Sheikh, marehemu ametuachia pesa kidogo. Shemeji yangu ashauri tuagize gari kutoka Japani, lifanye kazi, watoto wapate kusoma. Je, yafaa mali ya mayatima kutiwa katika biashara?"

Jawabu letu halikuchukua muda. Tulimweleza kwamba yafaa, bali yapendeza, na kwamba imepokewa kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuwahimiza walezi waizungushe mali ya yatima katika biashara isije ikamalizwa na zaka mwaka baada ya mwaka. Tukamwombea kheri, tukakata simu, tukalala.

Jawabu lile lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa na upungufu. Wanazuoni wanaporuhusu biashara ya mali ya yatima hutia sharti la maslaha, yaani iwe wazi kwamba yatima atafaidika. Sisi tulilitaja sharti hilo kwa ulimi, ila hatukuuliza lolote la kulithibitisha. Hatukuuliza gari ni la aina gani, anauza nani, ushuru ni kiasi gani, na nani atakayezishika pesa. Makala haya, ndugu zetu, ni sehemu ya kulipa deni la upungufu ule.

Mtaa na mali yenyewe

Obunga ni mtaa wa mabanda ya mabati upande wa kaskazini mwa Kisumu, si mbali na Kondele. Mgeni huujua kwa pua kabla ya macho, kwani kwa miaka mingi akina mama wa pale wamekuwa wakikaanga mgongo wazi. Viwanda vya samaki vya Kisumu huchuna mnofu wa mbuta na kuusafirisha ng'ambo. Vichwa, mifupa ya mgongo na mikia ndivyo vinavyowafikia akina mama hawa, nao huvikausha, huvikaanga na kuviuza. Mnofu huliwa Ulaya, na mgongo hulea watoto wa Obunga.

Mama huyu ni mmoja wao. Marehemu alikuwa amempa wasia wa kuwasimamia watoto, mvulana mmoja na wasichana wawili. Baada ya kulipwa madeni na gharama za mazishi, zilisalia shilingi 960,000. Kwa kuwa marehemu hakuacha wazazi, mgawo ulikuwa rahisi. Thumni ni ya mke, shilingi 120,000. Zilizobaki, 840,000, ni za watoto: mvulana 420,000, na kila msichana 210,000. Shemeji hakuwa na fungu, maana mtoto wa kiume humzuia ndugu wa marehemu asirithi.

Tumezitaja hesabu hizi makusudi. Gari lolote ambalo lingenunuliwa kwa pesa zile lingekuwa la watoto kwa sehemu saba katika nane, na wa mwisho kati yao alikuwa na umri wa miaka sita.

Kwa nini Japani

Wengi wetu huku pwani twayaona magari haya yakishuka Kilindini bila kujiuliza kwa nini taifa la watu liuze magari mazima mazima. Sababu moja ni sheria yao wenyewe. Gari jipya Japani hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, ukaguzi uitwao shaken, nao una gharama nzito. Wajapani wengi huona nafuu kuliuza gari kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Tena huko huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani uko kulia, jambo ambalo sheria ya Kenya inalitaka.

Magari hayo hupelekwa minadani. Mkaguzi wa mnada huandika karatasi yenye daraja la gari, kilomita zake na mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo na kila mbonyeo. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R huashiria gari lililopata ajali likatengenezwa. Karatasi hii ni shahidi wa kwanza wa mnunuzi. Muuzaji anayekataa kuionyesha ana jambo.

Huenda wasomaji wetu wakafurahi kujua kwamba Waislamu wamo katika biashara hii. Wafanyabiashara wa Kipakistani waliohamia Japani ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa magari yaliyotumika, na katika miji kadhaa ya huko wao ndio waliochanga misikiti ikasimama. Msikiti wa Kobe, ambao ndio mkongwe zaidi Japani, ulifunguliwa mwaka 1935, nao pia ulijengwa kwa michango ya wafanyabiashara wa Kiislamu. Lakini Uislamu wa muuzaji haumwondolei mnunuzi wajibu wa kutazama. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka ya Mwislamu, akakuta chini kuna unyevu uliofunikwa kwa nafaka kavu. Akamkemea mwenyewe papo hapo, mbele ya watu.

Kununua usichokiona

Hapa kuna mas-ala ya fiqhi ambayo sisi Mashafii wa pwani hatuna budi kuyajua. Katika kauli mashuhuri ya madhehebu yetu, haisihi kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hakukiona. Wanazuoni wa madhehebu mengine wameruhusu ikiwa kitu kimesifiwa sifa kamili, na mnunuzi akawa na haki ya kurudisha kikija kinyume. Anayenunua gari kwa picha za simu yuko katika khitilafu hii. Njia ya usalama ni kuweka wakili anayeliona gari kwa macho yake kule liliko, kwani kuona kwa wakili kwahesabiwa kuwa ni kuona kwako. Asiyeweza na apate karatasi ya mnada, na maandishi yanayosema gari likija kinyume cha sifa hizi litarudishwa au pesa zitarudishwa.

Mama yetu hakufanya hivyo, wala hakuweza. Alikuwa edani, miezi minne na siku kumi, na haikuwa sura nzuri kwake kuzunguka katika yadi za magari. Kila jambo lilimwangukia shemeji. Naye, tumtendee haki, alilichukua kwa moyo. Alisafiri kwa basi la usiku mpaka Mombasa mara mbili, akalala kwa jamaa, akarudi na macho mekundu.

Alimpata mwenye yadi mmoja aliyemwahidi Toyota Probox ya mwaka 2017. Mwaka ulikuwa sahihi. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka minane, na kwa mwaka 2024 gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2017 lisingekubaliwa bandarini. Bei mpaka Mombasa, pamoja na bima na nauli ya meli, ilikuwa shilingi 520,000. "Na ushuru?" aliuliza shemeji. Akajibiwa kwamba hautazidi laki tatu. Akaridhika, akatuma pesa.

Hesabu ya ushuru

Nyumba nyingi zimelia kwa jambo hili, kwa hiyo tutalifafanua. Mamlaka ya Ushuru, KRA, haikubali tu bei iliyoandikwa kwenye risiti yako. Ina orodha yake ya bei za magari mapya ya kila aina. Huchukua bei ile, huipunguza kwa kadiri ya umri wa gari, kisha hufikia thamani ya kutoza ushuru. Thamani hiyo yaweza kuzidi bei uliyolipa.

Ndivyo ilivyokuwa. Gari liliponunuliwa kwa 520,000 lilithaminiwa 600,000. Juu ya hapo, kwa viwango vya katikati ya mwaka 2024, ushuru wa forodha ni asilimia 35, nao ni shilingi 210,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi sisi 1500 ni asilimia 20, lakini hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru wa kwanza, yaani juu ya 810,000, nao ni 162,000. VAT ni asilimia 16 ya jumla ya yote hayo, yaani ya 972,000, nayo ni 155,520. Ada ya tamko la uagizaji ni asilimia 2.5, shilingi 15,000. Tozo ya reli wakati huo ilikuwa asilimia 1.5, shilingi 9,000. Jumla ni shilingi 551,520.

Tazameni jinsi ushuru unavyopandana, mmoja juu ya mgongo wa mwingine. Anayejumlisha asilimia bila kuzipandanisha hudanganyika, na anayetegemea neno la muuzaji hudanganyika zaidi. Tena viwango hivi hubadilika, hasa baada ya bajeti ya kila mwaka. Kwa hiyo wakala wa forodha mwenye leseni na aulizwe kabla ya pesa kutumwa, naye aandike hesabu yake kwenye karatasi.

Gari likawasili. Pesa hazikutosha. Siku za bure za bandarini zikaisha, na ada ya kuhifadhi ikaanza kuhesabiwa kila kukicha. Kufikia siku lilipotoka, pamoja na malipo ya wakala, bandari, bima na namba za usajili, gari lilikuwa limekula shilingi 1,150,000. Pengo lilikuwa 190,000, na shemeji, bila kumwambia mtu, alikopa kwa mkopeshaji wa riba ya asilimia kumi kwa mwezi.

Kikao cha Obunga

Mama alijua alipoona karatasi. Alitupigia tena, na safari hii hakuuliza hukumu. Alisema, "Sheikh, wewe ndiwe uliyesema yafaa."

Neno hilo lilitutoa Mombasa. Tulisafiri pamoja na mama watoto wetu, kwa sababu mazungumzo yalikuwa ya mwanamke na nyumba yake, na hayakuwa ya mabarazani. Tulikaa juu ya mkeka katika chumba chake: sisi wawili, mama, shemeji, binti mkubwa wa marehemu mwenye miaka kumi na mitano, na jirani mmoja wa Kikristo ambaye ni mweka hazina wa chama chao cha wakaanga samaki. Gari lilikuwa nje, jeupe, na watoto wa jirani walikuwa wakijitazama katika vioo vyake.

Shemeji alieleza yote, riba na yote. Riba ya mwezi wa kwanza, shilingi 19,000, alikuwa ameilipa kutoka mfukoni mwake. Tukadhani kikao kimekaribia kwisha. Ndipo mama, ambaye hakuwa ameinua uso muda wote, akauliza kwa sauti ya chini: "Shemeji, yadi zote zile Mombasa. Kwa nini hiyo?"

Kimya.

"Walikupa nini?"

"Walinipa ya soda, shemeji. Elfu arubaini."

Binti mkubwa aliacha kuandika. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha shemeji akasema, na tunaamini alisema kweli, kwamba hakuona kosa. Hakuzichukua kwa mayatima, alizipewa na muuzaji, na yeye alikuwa amepoteza kazi ya wiki nzima bila kumwomba mtu ujira.

Tulimsimulia kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa ghadhabu kama mtu huyo, lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi ile ingemfuata huko. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na sisi tumekisomesha darasani zaidi ya miaka ishirini. Hatukuwahi kufikiri kwamba tungekihitaji juu ya mkeka wa Obunga, mbele ya mtu aliyekuwa akilia.

Wakili ni amini. Anachopewa kwa sababu ya uwakili wake ni cha aliyemtuma, mpaka aliyemtuma aridhie. Muuzaji hakumpa elfu arubaini kwa mapenzi. Alimpa ili asiende yadi ya pili, na ili asiulize ushuru mara mbili. Lakini pia haki ina upande wake wa pili. Lau shemeji angesema tangu mwanzo, "Nitaifanya kazi hii kwa ujira fulani," ingekuwa halali yake. Na gharama alizotoa safarini alistahili kurudishiwa. Sisi ndio tuliopaswa kuliuliza jambo hilo usiku ule wa simu, na hatukuuliza. Tulilikiri mbele yao wote.

Binti akaandika gharama za safari moja moja: nauli, chakula, na pesa za wakala alizotanguliza. Zilifika 11,600. Basi ikaamuliwa shemeji arudishe 28,400 katika miezi mitatu. Kuhusu deni la riba, yule jirani mweka hazina ndiye aliyetangulia kusema. Chama chao kilikuwa na 120,000 zilizokuwa zikingojea mzunguko. Aliwapigia simu wenzake mmoja mmoja pale pale, nao wakakubali mama akopeshwe bila ya ziada. Zilizosalia, elfu sabini, tulizichanga sisi na jamaa wa Kisumu, nazo zikawa kardhi hasana. Mkopeshaji akalipwa rasilimali yake siku ya tatu.

Riba ilizimwa na akina mama ambao wengi wao si Waislamu, kwa pesa za mgongo wazi. Tumelisema hili ili lituguse sisi wenye misikiti mikubwa.

Kabla hujatuma pesa

Kutokana na safari ile, twawausia akina mama na walezi mambo haya.

Kwanza, kama pesa ni za mayatima, fungu la kila mtoto liandikwe, na ikiwezekana lipitishwe mbele ya Kadhi kabla ya kununua chochote. Mwanzo wa Sura An-Nisaa umejaa onyo juu ya mali yao, na aya ya kuandika madeni, ya 282 katika Al-Baqara, ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Mwenye kutafakari atajua kwa nini.

Pili, ujira wa anayekununulia utajwe mdomoni na uandikwe kwa kalamu, hata akiwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Haya inayotuzuia kutaja ujira mwanzoni ndiyo inayozaa fedheha mwishoni.

Tatu, zitakeni karatasi nne: ya mnada; ya kufuta usajili wa gari Japani, yenye mwaka na namba ya chasisi; cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, kabla gari halijapakiwa melini; na hati ya shehena. Namba ya chasisi iwe moja katika zote nne. Kilomita za kwenye karatasi ya mnada zilinganishwe na zile za kwenye mita, kwani mita hurudishwa nyuma na mikono ya watu.

Nne, mwenye kununua gari lililokwisha kusajiliwa hapa nchini aulize rekodi zake kwa NTSA, ajue mwenyewe ni nani na kama halina rehani ya mkopo. Kisha apeleke fundi wake mwenyewe, asitumie fundi wa muuzaji.

Tano, asiyekuwa na pesa zote na asianze kwa kutumaini. Nchini mwetu zipo benki zinazofuata sharia tangu mwaka 2008, zinazonunua gari kisha zikakuuzia kwa faida inayojulikana. Lakini hata huko, uliza kama benki imelimiliki gari kweli kabla ya kukuuzia. Jina la Kiarabu juu ya mkataba halihalalishi kilicho ndani.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliporudi Kisumu baada ya miezi mitano, tulilikuta gari likibeba samaki alfajiri kuelekea Kibuye na Luanda, na dereva akiwa ni yule yule shemeji, sasa kwa mshahara wa mwezi uliotajwa na kuandikwa. Shilingi 28,400 zake zilikuwa zimekwisha kulipwa. Deni la chama lilikuwa limebaki nusu. Mafuta yalikuwa ghali na tairi mbili zimekwisha, na mama hakuwa na hakika kama ada ya muhula wa tatu ingepatikana yote.

Tulimwuliza kama sasa anamwamini shemeji yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Namwamini, Sheikh. Na nahesabu."

Binti mkubwa alituletea daftari tulione. Kila safari imeandikwa kwa tarehe, mafuta, mapato na matumizi. Kurasa za mwisho zimegawanywa safu nne: mama thumni, kaka sehemu mbili, yeye moja, mdogo wake moja. Chini ya kila ukurasa kuna sahihi mbili, ya mama na ya baba mdogo. Na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya bei ya gari na ule ushuru wote, ameandika tarehe ya simu yetu ya kwanza na jawabu tulilolitoa, neno kwa neno.

Tulilisoma, tukaomba kalamu, tukaongeza chini yake lile sharti la maslaha, tukatia sahihi yetu.

Wabillahi tawfiq.